Plebeki sio dhambi, ila nani anamtunza muimbaji?

Mwaka juzi kijana mmoja wa mtaani kwetu, mtoto wa rafiki yangu wa tangu skuli, aliitwa kwenda kurikodi wimbo wake kwenye kituo kimoja cha TV, jina sitaji, na babake alikuwa na safari ikabidi nimsindikize mie. Kijana kapiga pasi toka usiku, kanunua viatu vyeupe Darajani, njia nzima anajiimbia kimya kimya. Tumefika kapewa maiki. Maiki haina waya, haina betri, niliishika mwenyewe nyepesi kama kibiriti kitupu. Jamaa wa sauti akamwambia, "We tembeza mdomo tu, mengine niachie mie." Haya. Flashi ikachomekwa, wimbo ukaanza, pazia la buluu nyuma yake, na mle ndani jumla tulikuwa watu wanne, mmoja anatafuna njugu. Kufika beti ya pili flashi ikakwama. Ikawa inarudia pale pale, "nime-nime-nime", sekunde tano sita hivi, kisha ikaruka mpaka kwenye kiitikio. Kijana wa watu hajui afanye nini, akaendelea kutembeza mdomo. Nikasema hapa watamwambia arudie. Wapi! Mtangazaji kaja anapiga makofi, "umetisha sana mdogo wangu," na ikaenda hewani hivyo hivyo na nime-nime zake, na mpaka leo sijakutana na mtu hata mmoja aliyeniambia kaiona ile kasoro.

Hilo ndo lililoniuma mie. Kukwama flashi inakwama, vitu vinaharibika. Lakini kuharibika kitu hewani na asitokee hata mmoja wa kushtuka, hapo pana jambo.

Sasa watu nikiwahadithia kisa hiki wote wanakimbilia pamoja, ahaa, unaona, plebeki (yani wimbo unapigwa kwenye rikodi na muimbaji anatembeza mdomo tu) ndo inayoua muziki, wasanii waimbe laivu basi. Mie hapo sikubaliani nao, na nitaeleza kwa nini, maana shoo za muziki zilizotikisa dunia kwa miaka na miaka zilijaa plebeki tele na watu walikuwa hawabanduki mbele ya TV.

Chukua ile ya Waingereza, Top of the Pops ya BBC. Ilianza 1 Januari 1964 kule Manchester kwenye studio iliyokuwa kanisa zamani, ikaenda kila wiki mpaka 30 Julai 2006, miaka 42 na ushei. Mpango wake ulikuwa mwepesi mno. Inatizamwa chati ya sahani zilizouzwa madukani wiki ile, wanaitwa wale ambao nyimbo zao zinapanda, anayeshuka kwa kawaida haitwi, na mwisho kabisa anakuja namba wani. Basi, hakuna jengine. Miaka ya 70 watu mpaka milioni 15 walikuwa wanakaa usiku mmoja kuitizama. Na mwanzo walikuwa wanafuatisha mdomo kwenye sahani ile ile inayouzwa dukani, mpaka chama cha wanamuziki kikaja juu, wapigaji wanakosa kazi, ndo 1966 ikabidi wawe wanarikodi upya mdundo ama wapigiwe na okestra ya studio. Hata hapo ujanja ulikuwa mwingi tu, plebeki haikuondoka.

(Tizama hiyo tarehe lakini. 1 Januari 1964 shoo inaanza, siku kumi na moja mbele sie huku tuna Mapinduzi, na mwaka huo huo familia ya Bulsara inafunga mizigo inakwenda Uingereza na kijana wao Farrokh, aliyezaliwa hapa hapa Unguja 5 Septemba 1946. Miaka kumi baadae, Februari 1974, yule Farrokh keshakuwa Freddie Mercury anasimama kwenye steji ya shoo ile na kundi lake la Queen. Tena alipata nafasi kwa bahati, filamu ya wimbo wa muimbaji David Bowie iliyokuwa irushwe haikupatikana, pakawa na pengo, wakaitwa wao mbio mbio, sahani yao yenyewe hata madukani haijaingia. Inahadithiwa kwamba TV hakuwa nayo, akaenda kujitizama kwenye kioo cha duka Oxford Street. Mtu wa kwetu anajitizama dirishani kwa watu! Kila nikipita Shangani nikiwaona watalii wanajipiga picha kwenye makumbusho yake nakumbuka kile kioo.)

Turudi. Kwa nini plebeki ya wale ilikuwa na utamu? Kwa sababu muimbaji akishajua sauti haimsaidii, maana sauti wote wameshaisikia redioni na ni ile ile, inabidi afanye kazi na vilivyobaki, uso, macho, nguo, mkono. Bowie Julai 1972 alipofika kwenye maneno ya "wewe" alinyoosha kidole moja kwa moja kwenye kamera, na wanamuziki chungu nzima wa kizazi kilichofuata wanasema maisha yao yalibadilika kwa kidole kile. Sauti ilikuwa laivu ama nusu nusu, nani anajali. Kidole ndo kilichobaki.

Lakini mie naona kuna sababu nyengine kubwa zaidi kuliko kidole. Pale palikuwa na pahala pa kumkamata msanii. Watizamaji wako macho. Wanajua ni plebeki, na wanamvizia.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa 1988. Kundi linaitwa All About Eve, wimbo wa taratibu, dada wa watu Julianne Regan kakaa kwenye kiti na mpiga gitaa pembeni, wanasubiri waanze kuusikia wimbo wao kwenye spika za studio ili wafuatishe. Kumbe wimbo ushaanza. Unasikika nchi nzima majumbani, mle studio hausikiki. Dada kakaa kimya, anatizama huku, anatizama kule, mdomo umefunga, na sauti yake mwenyewe inaimba kwa uchungu kabisa. Itafute hiyo klipu uitizame, moyo unakuuma lakini utacheka. Sasa sikiliza kilichofuata. Wiki ya pili waliwarudisha wale wale, wakaupiga laivu. Yani kosa lilionwa na jicho la watu, likawa ni deni, na deni likalipwa kwenye steji ile ile. Linganisha na kijana wetu na nime-nime zake aliyeambiwa katisha.

Na wasanii wenyewe walikuwa wanajua wanaviziwa, kwa hiyo na wao wanacheza. Novemba 1991 shoo ilishabadilisha sheria, waimbaji lazima waimbe kwa sauti yao, ala ndo zibaki kwenye rikodi. Wamekuja Nirvana, kundi la Wamarekani. Muimbaji wao Kurt Cobain hakutaka huo mchezo wa kujifanya anapiga gitaa, basi akawa analipitishia mkono juu juu kama mtu anayefukuza inzi, na sauti akaishusha chini kabisa, nzito, kama imam aliyeamka na mafua (astaghfirullah lakini ndo mfano ulionijia), halafu maiki akawa kama anataka kuimeza. 1995, sheria ile ishalegezwa, ndugu wawili wa kundi la Oasis walibadilishana, Noel akajifanya ndo muimbaji, Liam kabeba gitaa, watizamaji wanajua kabisa hiyo sauti ya Liam inatoka mdomoni kwa kakake. Huo wote ni utovu wa adabu, sawa, ila ni utovu wa adabu unaomheshimu mtizamaji, kwa sababu unamhesabu kuwa ana macho. Huwezi kumtania mtu ambaye hayupo.

Chati nayo isije ikaonekana ilikuwa malaika. Kampuni za sahani zilikuwa zinatuma watu wakanunue kwenye yale maduka yanayohesabiwa, wimbo unapanda kwa mabegi. Lakini hata wizi wa aina hiyo unakwambia kuwa chati ilikuwa na thamani, hakuna anayeiba kisicho na bei. Watu wakibishana Ijumaa asubuhi skuli na kazini fulani kwa nini yuko namba nne, wanabishana kuhusu kitu kimoja walichokiona wote usiku mmoja.

Na nani alianza kuibomoa? Nacheka kusema, lakini ni mtu wa kwetu yule yule. 1975 Queen wana Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita, katikati yake sauti zimepandishwa moja juu ya moja mpaka kwaya nzima, na watu wenyewe wako wanne. Utaufuatishaje mdomo huo ukaeleweka? Utachekwa. Basi wakaingia studio za Elstree Novemba ile wakapiga vidio kwa saa chache tu, wakaituma vidio ikawawakilishe. Wimbo ukakaa namba wani wiki tisa, na wiki hizo msanii hana haja ya kuja steji, anakuja mkanda. Vidio ni nzuri, mie siibishii, lakini mlango ulifunguliwa pale. Msanii akagundua anaweza kuonekana bila ya kuja. Na asiyekuja hakamatiki.

Haya, sasa nije kwa mpwa wangu.

Mpwa wangu yuko Chake Chake, ana miaka kumi na sita, na mtoto huyu Kikorea anakisoma maneno ya nyimbo kama anasoma juzuu. Yeye na wenzake wawili watatu wa skuli ndo wamenifunza kwamba shoo ya chati ya kila wiki haijafa, imehamia Seoul. Kule karibu kila siku ya wiki ina shoo yake, Alhamisi M Countdown, Ijumaa Music Bank ya KBS, Jumapili Inkigayo ya SBS. Ijumaa ile huwa saa kumi na moja jioni ya kwao, kwetu ni saa tano asubuhi, mtoto yuko darasani, kwa hiyo anaomba dunia nzima isimwambie nani kashinda mpaka arudi nyumbani na bando lipatikane. Alama zinapigwa kwa hesabu, kuna mauzo, kuna wanaosikiliza mtandaoni, kuna kura za watu, kila shoo na mchanganyiko wake, na mpwa wangu anaijua hio mizani kuliko anavyoijua aljebra, mamake ananipigia simu kunilalamikia mie kana kwamba ndo niliyemuanzisha.

Nilipokuwa Pemba mwezi wa Shaaban nikakaa naye barazani nikamwambia nioneshe basi. Kanionesha. Wasichana saba wanakwenda kama saa, mguu mmoja, jicho moja. Nikamwambia, "Lakini hawa si wanaimba plebeki?"

"Nusu plebeki, mjomba. Sauti ya chini inapigwa, wao wanaimba juu yake. Mwengine anaimba kweli, mwengine hashughuliki."

"Na nyie hamkasiriki?"

"Tunasubiri ankoo."

Sikuielewa. Akanionesha. Mwisho wa shoo anatangazwa mshindi, anapewa kikombe, karatasi za rangi zinamwagika, halafu wimbo ule ule unapigwa tena na safari hii mara nyingi ile sauti ya chini haimo, ama imo kidogo sana. Sasa aimbe. Kavaa vile vile, kachoka, analia, kashika maua, kashika kikombe, na maiki ni ya kweli. Hapo ndo pahala pao pa kumkamata. Anayejua kuimba anang'ara, asiyejua anacheka cheka, anamsogezea mwenzake maiki, na kabla hajateremka steji klipu ishafika Chake Chake. Watu wanaikata, wanaiweka pembeni na ile ya mwanzo, wanapima. Mpwa wangu ana folda nzima kwenye simu, kaiandika jina "Ushahidi".

Nimekaa nikafikiri sana kuhusu hilo folda. Mtoto wa Kipemba wa kidato cha tatu anawakamata watu wa Seoul kwa ushahidi, na huku nyumbani kijana wetu flashi inakwama hewani na hakuna anayeinua kichwa.

Sasa usiniambie kwamba sie hatuna desturi hio. Sie ndo wenyewe! Pahala pa kumkamata muimbaji tumekuwa napo kabla hao Waingereza hawajawa na TV. Kundi la taarab la Nadi Ikhwan Safaa liko toka 1905, Siti binti Saad karikodi Bombay 1928, na miaka yote hiyo mizani ilikuwa ni kutunza, yani kumpelekea muimbaji pesa pale pale anapoimba. Kaa kwenye taarab ya harusi utizame. Mama anainuka kitini kwake, haendi mbio, anakwenda kwa madaha, noti iko baina ya vidole viwili juu ya kichwa, anazunguka kidogo ili ukumbi umuone, na hainuki hivi hivi tu. Anasubiri mstari. Ukifika ule mstari wenyewe ndo anafika kwa muimbaji, na jicho liko kwa mtu wake kule meza ya tatu, ujumbe umefika. Muimbaji naye anaona foleni ya watunzaji imekuwa ndefu, anamuashiria kiongozi wa kundi, fidla zinarudia, kiitikio kinarudiwa mara nne, mara tano, wimbo wa dakika nane unakuwa robo saa na zaidi. Na kama hajaimba vizuri? Kinamama wanabaki vitini wanajipepea. Hakuna matusi, hakuna komenti, kujipepea tu. Mie nimeshaona muimbaji mkubwa kabisa akitokwa na jasho kwa kujipepewa.

TV ilipokuja, na hapa tusisahau sie tulikuwa na TV ya rangi 1973 wakati bara walisubiri mpaka 1994, nakumbuka utotoni Michenzani TV moja tunaitizama watoto ishirini sakafuni, taarab ikirushwa unaona kundi zima limekaa, udi, ganuni, fidla safu mbili, mpiga dumbak anafunga macho. Kutunza hakukuwepo, sawa, studio hakuna kinamama. Lakini wapigaji wenyewe walikuwa ndo mahakama, ukikosea sauti unaona fidla ya kwanza anakutupia jicho, na jicho lile kamera ilikuwa inaliona na sie sakafuni tunacheka.

Kilichotokea baadae ni kwamba tuliondoa vitu kimoja kimoja na hatukurudisha chochote. Kundi limeondoka, imekuja kibodi moja. Kibodi imeondoka, imekuja CD, CD imekuwa flashi. Maiki imeondolewa waya. Tumechukua plebeki ya watu, ambayo ndo sehemu rahisi ya bei, tukaacha vile vilivyokuwa vinaifanya plebeki iwe mchezo wa kweli. Chati hatuna. Mauzo hatukuwahi kuyahesabu hata zama za kaseti, kaseti moja inanunuliwa mtaa mzima unakopi, na hizi chati ninazozisikia redioni nyingi naona kama anazipanga aliyekaa studio na kinywaji chake. Ankoo hatuna. Jicho la fidla hatuna. Halafu tunamlaumu kijana kwa nini hajitumi, anajituma kwa ajili ya nani, kwa pazia la buluu?

Wale wanaosema dawa ni laivu tu watanitajia tamasha la Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe Februari karibu kila mwaka toka 2004 na sheria yao ya kuimba laivu mia kwa mia. Nzuri, nakwenda, narudi nimefurahi. Lakini tamasha ni la siku chache kwa mwaka na watu wengi pale ni wageni, msanii akiboronga anaboronga kwa watu ambao kesho kutwa wamepanda ndege. Shoo ya kila wiki nguvu yake ni kwamba wiki ijayo upo na wao wapo. Kundi la 1988 lisingelipa deni lake kama shoo ingekuwa ya mwaka mara moja.

Mie ningekuwa na kituo changu (sina, nina duka la simu) ningeacha plebeki kama ilivyo, kijana atembeze mdomo wake na viatu vyake vyeupe, kisha mwisho wa kipindi mmoja tu kati yao arudishwe, kibodi moja na maiki yenye waya, aimbe beti moja. Moja tu. Na pembeni wakae kinamama kumi na mapepeo yao.

Jioni ile barazani Chake, wakati mpwa wangu ananionesha ankoo ya tatu ama ya nne, bi mkubwa, bibi yake, alikuwa kakaa pembeni anachambua mchele, kimya muda wote. Akasogea akavaa miwani. Kamuona yule msichana analia na kikombe, anaimba sauti inakatika, wenzake wanamshika mabega. Akatizama mpaka wimbo ukaisha.

"Huyu kaimba," akasema. "Lakini mbona hawamtunzi?"

Mpwa wangu akamueleza, bibi, watu wanampigia kura kwenye simu, mamilioni, hata mie nimempigia toka hapa hapa.

"Wewe umempa?"

"Ndio bibi."

Bi mkubwa akaivua miwani, akarudi kwenye ungo wake. "Na yeye atajuaje kuwa ni wewe?"